Nimepiga choroa Namibia kihalali. Pembe na ngozi nazifikishaje Dodoma bila kulala ndani?

#1 Ilazo Mwisho wa Lami
Wakuu, habari za jioni.
Mwezi wa sita nilikwenda Windhoek kumsalimia mpwa wangu, fundi umeme, kaoa hukohuko. Baba mkwe wake ana shamba. Si shamba la mahindi mnalolijua, ni uzio unaoendesha gari mpaka unachoka, ndani ng'ombe na wanyamapori wamechanganyika. Siku ya tatu mzee akanikabidhi bunduki, akanionyesha choroa dume, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala mwenye pembe ndefu zilizonyooka, amesimama peke yake chini ya mgunga. Nikampiga. Nyama tumekula, nyingine ikakatwa vipande virefu ikaanikwa. Pembe nimezipima mwenyewe kwa futi kamba, kila moja sentimita 91.
Nilirudi mikono mitupu maana niliogopa aibu ya uwanja wa ndege. Pembe na ngozi ziko gereji kwa mpwa. Nataka zitundikwe sebuleni kwangu hapa Ilazo.
Shemeji anasema nyara yoyote ni miaka 20, usithubutu. Jamaa wa ofisini anasema kitu kikiwa halali kilikotoka ni halali kinakokwenda. Nani mkweli hapo?

#2 Mnyampaa Original
Nachukua siti ya dirishani. Mgogo kapiga mnyama asiye mbuzi wa jirani, huu uzi utakuwa mrefu.

#3 Mlimwa C
Shemeji yako mkweli. Choroa yupo Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, haruhusiwi kusafirishwa kabisa. Achana nazo.

#4 BintiZabibu
#3 punguza kasi, kaka. Waliomo Kiambatisho cha Kwanza ni choroa wa Uarabuni na yule wa Sahara mwenye pembe zilizopinda kama jambia. Wa Namibia hayumo kwenye kiambatisho chochote. Tandala mkubwa hayumo, swala pala hayumo. Nafanya uwakala wa forodha, orodha hiyo naifungua karibu kila wiki.
Ila mtoa mada usishangilie. Kutokuwemo CITES maana yake hudaiwi kibali cha CITES, basi. Hakufuti sheria ya Namibia na hakufuti yetu. Huku unatakiwa uwe na ruhusa ya watu wa wanyamapori pale wizarani na kibali cha mifugo cha kuingiza mazao ya mnyama, na vyote viwe mkononi KABLA mzigo haujaondoka kule. Watu wengi hufanya kinyume: mzigo unatua JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, ndipo anapiga simu "dada nisaidie". Nikusaidie nini wakati karatasi ina tarehe ya baada ya ndege kutua?

#5 Ilazo Mwisho wa Lami
Asante dada. Kwa hiyo jamaa wa ofisini naye ana nusu ya ukweli?

#6 Wakili Njaa
Ana robo. Ngoja nieleze maana hapa watu wanachanganya.
Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inaita nyara kila kitu cha mnyama: pembe, jino, kucha, kwato, ngozi, nyama, nywele, mpaka yai na unyoya. Kifungu cha 86 ndicho cha kupatikana na nyara za Serikali, na hukumu za miaka 20 mnazozisikia redioni zinatoka hapo. Mara nyingi kesi huunganishwa na uhujumu uchumi. Linalowaponza watu ni hili: ukikutwa nayo, wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba umeipata kihalali. Usitegemee askari ahangaike kuthibitisha kwamba hukuipata kihalali.
Sasa fikiria uko sebuleni Ilazo, pembe ukutani, karatasi ziko kwa mpwa Windhoek.

#7 Tani Thelathini
Pembe pekee za kutundika ukutani bila kibali ni zile za kwenye nembo ya Taifa 😂

#8 Kondoa Irangi
#6 Wakili, nyara za SERIKALI. Serikali ipi? Mnyama kazaliwa Namibia, kafia Namibia. Kule mnyama wa ndani ya uzio ni mali ya mwenye shamba, kama mbuzi. Choroa, tandala, ngiri na yule swala wao mrukaji wako kwenye orodha ya wanaowindika, mwenye ardhi iliyozungushiwa uzio anawamiliki. Huku kwetu mnyamapori ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini. Huyu wa mtoa mada hajawahi kuwa wa Rais wetu hata sekunde moja.

#9 Wakili Njaa
#8 hoja nzuri, mpelekee hakimu. Mimi nasema hivi: choroa tunaye hapahapa, pori la akiba la Mkungunero kwenye wilaya yako. Askari akiona pembe ndefu zilizonyooka, hawezi kuziuliza zimezaliwa wapi. Atakuuliza wewe.

#10 Kondoa Irangi
Wa kwetu na wa kule ni aina mbili tofauti.

#11 Wakili Njaa
Nani atamwambia hayo saa nane usiku kwenye geti la maliasili?

#12 Mchunaji Mstaafu
Vijana shikamooni kwa niaba yenu wenyewe, maana hakuna aliyesalimia.
Nimechuna wanyama wa wageni kwenye mapori ya akiba ya Kizigo na Muhesi miaka 17. Hilo la #10 ni kweli na linaonekana kwa macho, lakini si kwenye pembe. Pembe za choroa wa kwetu ni fupi kidogo, ila dume mzuri wa huku na jike mdogo wa kule unaweza kuwachanganya. Kinachotofautisha ni ngozi. Wa kwetu ana shungi la nywele nyeusi ncha ya sikio, ndiyo alama yake. Wa kule sikio halina shungi, halafu ana mkanda mpana mweusi ubavuni na doa kubwa jeusi juu ya paja, kama amekalia masizi. Kwa hiyo mtoa mada, usilete pembe peke yake ukaacha ngozi kwa kuogopa uzito. Ngozi yenye kichwa na masikio ndiyo shahidi wako.
Swali langu: ngozi ilitiwa chumvi na nani?

#13 Ilazo Mwisho wa Lami
Marahaba mzee, samahani, shikamoo. Chumvi alitia kijana wa shambani, akaikunja, wakaiweka kwenye gunia.

#14 Mchunaji Mstaafu
Marahaba. Siku hiyohiyo akaikunja?

#15 Ilazo Mwisho wa Lami
Jioni yake.

#16 Mchunaji Mstaafu
Basi ngozi hiyo ifungue leo, usingoje kibali.
Ngozi ya kutunza haitiwi chumvi kama samaki. Kwanza unaondoa nyama na mafuta yote mpaka iwe nyeupe. Masikio unayageuza ndani nje, kama unavyogeuza soksi, gegedu litengane na ngozi. Midomo unaipasua kwa ndani, pua hivyohivyo, kope za macho hivyohivyo. Ndipo chumvi laini, si ile ya mawe, unaisugua kwa kiganja kila kona mpaka pembezoni kabisa. Kambini tulikuwa na magunia ya chumvi ya Uvinza, ya mabonge tulikuwa tunaitwanga kwanza. Unailaza kwenye mteremko maji yatoke. Kesho yake unakung'uta ile iliyolowa, unatia mpya. Ikikauka nusu ndipo unaikunja. Ukiikunja ina maji, wiki ya pili unavuta manyoya yanabaki mkononi. Nimeona mgeni analia kwa ajili ya hilo, mtu mzima na pesa zake.
Pembe nazo: pembe ya choroa ni ala, ndani yake kuna mfupa, na kati ya ala na mfupa kuna utando wa damu. Huo ndio unaooza. Unachemsha shina la pembe kwa moto wa taratibu, unazungusha, ala inachomoka kwa sauti kama kizibo. Harufu yake sitaielezea, watu wanakula saa hizi. Usipozichomoa, nondo wa pembe atataga humo, na funza wake hula pembe yenyewe.

#17 Mnyampaa Original
Mzee umenifanya niache chipsi mayai katikati.

#18 Daktari wa Ng'ombe Kongwa
Mzee #16 kamaliza kazi yangu nusu. Wote mmeng'ang'ania wanyamapori, lakini kinachokwamisha mizigo hii mara nyingi ni sisi wa mifugo. Mnyama mwenye kwato zilizogawanyika anabeba ugonjwa wa miguu na midomo. Kuna kimeta. Na mtu akileta meno ya ngiri ambayo hayakusafishwa, kuna homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ngiri anaibeba bila kuumwa halafu inafagia mabanda ya nguruwe mtaa mzima. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 haijali kama mnyama ulimpiga kihalali. Inauliza kama yuko safi.
Pembe zilizochemshwa zikatoka mfupa, fuvu jeupe lisilo na kipande cha nyama, ngozi iliyokauka na kupitishwa kwenye dawa, hivyo vina njia. Kule wana mafundi maalumu wanaochovya kwenye dawa, kukausha na kufunga kwenye kreti, kisha daktari wa serikali yao anatoa cheti cha afya. Cheti hicho na kibali chetu lazima viongee lugha moja: idadi ileile, mnyama yuleyule, njia ileile. Kimoja kikiandika "pembe 2" na kingine "fuvu 1 lenye pembe", umeshapata wiki mbili za kuzunguka.
Na ile nyama kavu usiiweke kwenye begi. Nakuona unaiwaza.

#19 Ilazo Mwisho wa Lami
Daktari umejuaje 😅

#20 Tani Thelathini
Kwani lazima ndege? Mimi napiga Lusaka mara mbili kwa mwezi. Mpwa azitume mpaka Katima Mulilo, zivuke Zambia, nizidake, Tunduma, Mbeya, Iringa, nashuka nazo Mtera mpaka mlangoni Ilazo. Bei ya soda.

#21 BintiZabibu
#20 kaka yangu, umempa njia ya kuvunja sheria za nchi tatu kwa bei ya soda. Kila mpaka ni mlango. Zambia hata kama anapita tu watataka karatasi. Kwa ndege kupitia Johannesburg ni hivyohivyo, ila mzigo ukikatiwa moja kwa moja mpaka Dar unabaki mikononi mwa shirika la ndege, maswali yanapungua. Kabla ya yote aulize shirika lenyewe kama linabeba. Wengine hawataki hata kusikia. Delta ya Marekani ilipiga marufuku nyara za simba, chui, tembo, faru na nyati tangu Agosti 2015, baada ya yule simba Cecil kuuawa Zimbabwe.

#22 Daktari wa Ng'ombe Kongwa
Naongezea kwa #20: Namibia wenyewe wana uzio wa mifugo unaoikata nchi upande mmoja mpaka mwingine. Kusini ni eneo safi la miguu na midomo, kaskazini si safi. Katima Mulilo iko upande usio safi. Unatoa kitu kisafi unakipitisha kwenye uchafu, halafu unataka mimi nisaini.

#23 Tani Thelathini
Basi yaishe. Nilitaka kusaidia ndugu.

#24 Mlimwa C
Mimi nilileta ngozi ya pundamilia kutoka Windhoek 2019, ya dukani, ina risiti. Uwanjani hawakuniuliza kitu. Nyie mnakuza mambo.

#25 Kondoa Irangi
Wewe si ndiye uliyesema choroa yuko Kiambatisho cha Kwanza?

#26 BintiZabibu
#24 hebu iangalie hiyo ngozi. Ngozi za tumbo zina mistari? Kati ya mistari mikubwa myeusi kuna mistari hafifu ya kahawia kama kivuli?

#27 Mlimwa C
Tumbo jeupe. Vivuli sivioni. Juu ya mkia kuna vimistari vidogo vya kukatiza kama wavu wa kuchomea nyama.

#28 BintiZabibu
Pole. Huyo ni pundamilia wa milimani, wa Hartmann, Kiambatisho cha Pili. Alihitaji kibali cha CITES cha kutoka Namibia. Yule wa tambarare kama wetu hayumo. Risiti ya duka inathibitisha ulilipa, haithibitishi kingine. Kutoulizwa uwanjani si kibali.

#29 Mnyampaa Original
#24 ifute hiyo komenti haraka. Na uhame Mlimwa C.

#30 Mlimwa C
Nimeigeuza, sasa ni zulia la kawaida la manyoya ya bandia. Tuendelee na mtoa mada.

#31 Mama Wawili Area D
Swali la kizushi: mkanda na pochi ya ngozi ya mamba niliyoletewa zawadi kutoka Afrika Kusini navyo ni kesi?

#32 BintiZabibu
Mama, kwenye CITES vitu vya mamba vya matumizi binafsi, visivyozidi vinne, vya Kiambatisho cha Pili, vina msamaha ukivibeba mwenyewe safarini. Nchi moja moja inaweza kuwa kali zaidi ya hapo. Wewe tunza risiti na lebo. Ila mtoa mada asidandie msamaha huo, hauna uhusiano na pembe zake.

#33 Kondoa Irangi
Kinachoniuma mimi ni kingine. Babu yangu mzaa mama ni Msandawe wa Chemba. Kizazi kizima waliwinda kwa upinde hapo linapoanzia pori la akiba la Swagaswaga leo. Amefariki na mkia wa nyumbu umefichwa kwenye dari, anaogopa. Mzungu analipia leseni, anapiga chui, anapakia, anatundika kwao. Sisi mkia wa nyumbu unatukosesha usingizi.

#34 Wakili Njaa
Nakuelewa, lakini hata huyo mzungu anapita kwenye tundu la sindano. Tembo wa Tanzania sharti pembe ifike kilo 20 au sentimita 160. Simba asipungue miaka sita. Chui nchi nzima ni mgawo wa 500 kwa mwaka. Akifika kwao nako kuna ukuta: Marekani ilisitisha nyara za tembo wetu 2014, Ufaransa ilikataa nyara za simba 2015, Ubelgiji imepitisha marufuku yake 2024. Wapo waliolipia kila kitu na mnyama wao bado yuko kwenye kreti.

#35 Tani Thelathini
Ndiyo maana yule aliyekuwa Rais wa Botswana, Masisi, 2024 aliwaambia Wajerumani atawapelekea tembo 20,000 waishi nao 😂😂 Kwamba mnazuia nyara, haya chukueni mzigo ukiwa hai.

#36 Mchunaji Mstaafu
Sisi tulifunga uwindaji 1973, ukafunguliwa 1978. Kenya wamefunga 1977 mpaka leo. Nimewachunia watu wa kila aina, na #33 nakuambia kijana wangu, hata mimi niliyechuna mamia sina pembe hata moja nyumbani. Nina kisu tu.

#37 Wakili Njaa
Turudi kwa mtoa mada. Kuna swali hakuna aliyeuliza: kibali cha kuwinda kule kiliandikwa jina la nani?

#38 Ilazo Mwisho wa Lami
Jina la nani kivipi? Shamba ni la mzee.

#39 Wakili Njaa
Namibia mgeni anayewinda ili aondoke na pembe ni mwindaji wa nyara. Anatakiwa awe na kibali chake kutoka wizara yao, na aongozwe na mwongozaji aliyesajiliwa. Mzee kupiga mnyama wake kwa ajili ya nyama ni jambo lingine kabisa. Ulikuwa na kibali?

#40 Ilazo Mwisho wa Lami
Mzee alisema "piga", nikapiga.

#41 Mnyampaa Original
Uuuuwi.

#42 BintiZabibu
Na kichwa cha uzi umeandika KIHALALI kaka yangu.

#43 Kondoa Irangi
Bado kuna njia. Mnyama alikuwa wa mzee, pembe ni za mzee. Mzee ampe mkwe wake zawadi, mkwe amtumie mjomba zawadi, kwa vibali vya kutoa na kuingiza. Hakuna aliyewinda nyara hapo.

#44 Wakili Njaa
#43 na hapo kwenye fomu penye "aliuawa na nani, lini" ataandika nini? Aliteleza?

#45 Daktari wa Ng'ombe Kongwa
Kwa upande wangu #43 inawezekana, ya uwindaji mimi siyajui. Nikiletewa cheti safi kutoka kwa daktari mwenzangu wa serikali yao, nasoma cheti.

#46 BintiZabibu
Mimi ningekuwa wewe ningemwandikia barua Mkurugenzi wa Wanyamapori kabla ya kufanya lolote. Unakaa Ilazo, Mtumba kwenye ofisi za wizara ni mwendo wa bodaboda. Eleza mnyama gani, wapi, nani mwenye shamba, ambatanisha picha za ngozi kama alivyosema mzee #12. Wakikataa, umepoteza karatasi moja.

#47 Wakili Njaa
Barua ya kukiri kosa la nchi nyingine, kwa saini yake. Mimi simshauri. Akarekebishe kule kwanza.

#48 Mama Wawili Area D
Si atundike picha tu? Futi mbili kwa tatu, fremu ya mninga. Mgeni gani ataiuliza kibali.

#49 Ilazo Mwisho wa Lami
Wakuu nimewasoma wote, asanteni. Nimempigia mpwa usiku huu aifungue ngozi kama mzee alivyoagiza. Kanitumia picha. Kichwani manyoya yameanza kutoka kwa viganja, sikio moja limebaki kipara. Pembe moja shinani imeota vitu kama vijiti vya udongo, virefu kama kidole, vimejipanga. Mzee Mchunaji, hivi ni nini?

#50 Mchunaji Mstaafu
Hao ndio funza wa nondo niliowataja, wako ndani wanakula. Vijiti ni nyumba zao, wanazijenga kwa hariri na kinyesi chao. Mwambie mpwa asivivunje kwa mkono akadhani amemaliza. Atafute pipa, achemshe pembe zote mbili usiku huuhuu, azungushe taratibu. Zikigoma kuchomoka azirudishe kwenye maji.

#51 Ilazo Mwisho wa Lami
Anasema mkewe hataki lichemshwe nyumbani. Wanazipakia kuzirudisha shamba kwa mzee.